Ajali ya gari la kukodi ng'ambo nayo iandikwe kwenye fomu ya bima

Mhariri,

Fedha za korosho zikishaingia, watu wa Mtwara na Lindi husafiri. Kuna wanaokwenda kwa jamaa zao Muscat, kuna wanaofuata bidhaa Dubai, na wengine huenda kozi Afrika Kusini. Huko hukodi gari, na Muscat na Dubai magari hupita kulia, kwa hiyo kugonga kwenye makutano si ajabu. Wakigonga hulipa, wakarudi kimya, wakiamini kuwa ya ng'ambo hayaihusu bima ya gari lililobaki Mikindani. Sisi mawakala wa bima tunasema yanaihusu.

Isomeni fomu ya maombi taratibu. Sehemu moja inauliza habari za gari: namba, injini, mwaka, thamani. Sehemu nyingine inamuuliza dereva kama amepata ajali au hasara yoyote, mara nyingi ndani ya miaka mitatu au mitano. Swali hilo likikaa bila maneno "kwa gari hili" au "nchini Tanzania", bampa lililobonyea Muscat jibu lake ni "ndiyo". Fomu ikiuliza tu madai uliyolipwa na bima yako, "hapana" ni jibu la kweli. Hata hivyo mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa kueleza kila jambo linaloweza kubadili bei au uamuzi wa kampuni, kwa hiyo ambatisha karatasi ya maelezo.

Juu ya karatasi hiyo andika kwa herufi kubwa: TAARIFA, SI MADAI. Karani asiyesoma hadi mwisho anaweza kufungua jalada la madai, na punguzo lako la kutodai, yaani nafuu ya bei kwa asiyedai fidia, likaondoka bure. Bima yako kubwa kwa kawaida hailipii gari la kukodi: imekatwa kwa gari lenye namba fulani, ndani ya mipaka fulani. (Hata kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mipaka, ni ya gari lako unalovuka nalo.)

Kisha taja tarehe, mji na nchi, nani alikuwa kwenye usukani, ilivyotokea kwa mistari miwili mitatu, kama kuna aliyeumia, nani alionekana mwenye kosa, kiasi gani kililipwa na nani alilipa. Hapo mwisho ndipo wengi hukosea. Kampuni ya kukodisha huwa na bima yake, ila mteja hujibebea kiasi cha mwanzo cha hasara, kinachokatwa kwenye amana. Vioo, matairi na sehemu ya chini ya gari mara nyingi humwangukia yeye mwenyewe. Ankara ya siku ambazo gari lilikaa gereji inaweza kufika wiki kadhaa baadaye. Amana ikiwa haijarudi, andika "hesabu haijafungwa", usibuni tarakimu.

Ambatisha nakala ya mkataba wa kukodi, taarifa ya polisi na risiti. Dubai gereji haitengenezi gari lililogongwa bila karatasi ya polisi, kwa hiyo ipo. Omba nakala kabla ya kupanda ndege. Iliyoandikwa kwa Kiarabu itafsiriwe.

Na tukiri la kwetu: yupo wakala anayejaza "hapana" mstari hadi mstari ili stika itoke upesi. Sahihi inabaki ya mteja, na siku ya fidia ndiye atakayeulizwa.

Aliyekwisha kujibu vibaya asingoje kuhuisha. Aandike leo kwa kampuni yenyewe, agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Bei inaweza kupanda kidogo kwa sababu ya dereva. Ombeni ongezeko hilo lioneshwe kando na punguzo la kutodai, kwani kama hakuna aliyedai kwenye bima yako, punguzo halina sababu ya kuguswa. Kampuni ikiliondoa, lalamika kwake kwa maandishi kwanza. Majibu yasiporidhisha, peleka barua zote mbili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mawakala wa bima,
Mtwara