Mpangaji wa muziki naye atajwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua. Kurasa za muziki zinapoeleza habari za waimbaji wa jazi waliorekodi na bendi kubwa za Marekani, hutajwa mwimbaji, hutajwa mtunzi wa wimbo, basi. Aliyekaa chini akaandika kila nota iliyopigwa na wanamuziki 17, na mara nyingine kundi zima la violini juu yao, yaani mpangaji wa muziki, hatajwi. Ombi langu ni kwamba jina lake lichapwe pamoja na la mwimbaji.

Uonevu huu haukuanza leo. Mwaka 1950 mwimbaji Nat King Cole alitoa “Mona Lisa”. Lebo ya santuri ilitaja okestra ya Les Baxter, ilhali mpangilio aliuandika Nelson Riddle. Januari 1956 Riddle huyohuyo alimpangia mwimbaji Frank Sinatra “I've Got You Under My Skin”. Tega sikio pale katikati, Sinatra anaponyamaza. Tromboni ya besi ya George Roberts inashika mdundo wa chini, tromboni nyingine zinapandiana juu yake, violini zinavuta nota ndefu, na kishindo kinazidi kukua mpaka Milt Bernhart anapasua na solo yake ya tromboni. Sinatra akirudi, moto anaukuta umeshawashwa. Riddle mwenyewe alikuwa mpiga tromboni, na hapo inasikika.

Wanaodhani kazi hii ni kumwekea mwimbaji mapambo nyuma yake waanze na ufunguo wa wimbo, yaani nota ya msingi ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Bendi kamili ina tarumbeta 4, tromboni 4, saksafoni 5, piano, gitaa, besi na dramu. Wimbo ulioandikwa kwa mwanamume, mwanamke kwa kawaida atautaka ufunguo ulio mbali kwa hatua nne au tano, ukihesabu do, re, mi, fa, so. Siku hizi kompyuta inauhamisha kwa sekunde moja, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ukipandisha hatua nne, nota ya juu ya tarumbeta ya kwanza, iliyokuwa inafikika, inakuwa ya kupasua midomo. Ukishusha hatua tano, tarumbeta zinakosa ukali, na tromboni zilizokuwa zimebanana vizuri zinazama chini na kuwa tope. Hutofautishi nota na nota. Dawa ni kuzipanga upya sauti za kila kundi. Kompyuta haikufanyii hilo.

Hata nusu toni, tofauti ndogo kabisa kati ya nota mbili, ina gharama, kwa kuwa nota za tarumbeta na saksafoni huandikwa kwa ufunguo tofauti na unaosikika. Wimbo ukiwa A fleti, tarumbeta husoma fleti 2 (alama za kushusha nota kwa nusu toni) na saksafoni alto fleti 1. Mwimbaji akiomba A, tarumbeta zinasoma shapu 5 (alama za kupandisha) na alto shapu 6. Wapigaji hodari watapita, ila kwa mazoezi ya saa mbili tu, tegemea makosa. Ni afadhali kumjaribu mwimbaji kwa piano kabla ya kuandika nota hata moja: atafute nota yake ya chini kabisa iliyo na sauti kamili, halafu ile ya juu anayoweza kuishikilia bila kukaza koo.

Jambo la pili ni nafasi. Nyimbo nyingi za aina hii zina vipimo 32, kila kimoja kikiwa na mapigo manne, katika mafungu manne ya vipimo 8. Mara nyingi maneno huisha kwenye kipimo cha 7, na hapo bendi ijibu. Jibu likianza kabla irabu ya mwisho haijafa, linamla mwimbaji. Likipigwa kwenye eneo lilelile la sauti yake, hata kwa upole, maneno hayasikiki. Saksafoni zikae chini yake, tarumbeta zitiwe vizibo vya kupunguza sauti, violini ziende juu. Na pale wimbo unapopandishwa ufunguo, ala moja impe mwimbaji nota yake ya kuingilia; asipoipata ataingia kwenye ufunguo wa zamani mbele ya watu wote.

Kosa linaloniuma zaidi ni la mpiga dramu. Mwimbaji mzuri wa jazi huchelewesha maneno nyuma ya pigo kwa makusudi. Mpiga dramu akimsubiri, mwendo unalegea, mwimbaji naye anachelewa zaidi, na baada ya vipimo 16 bendi nzima inakokotwa. Bendi ishike mwendo wake; mwimbaji ndiye mwenye ruhusa ya kuelea.

Kwa vikundi visivyo na watu 17, yuko mpangaji Marty Paich. Mwaka 1956 alimpangia mwimbaji Mel Tormé albamu nzima kwa ala 10 tu, zikiwemo tuba na honi ya Kifaransa, na husikii pengo. Anayetaka kujifunza aanze na ukubwa huo. Achukue wimbo mmoja, fungu la kwanza aachie besi, piano na dramu peke yake, la pili aongeze saksafoni, na ala nyingine azizuie mpaka fungu la tatu. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, vipimo 32 ni sekunde 64, kwa hiyo kila fungu lina sekunde 16 tu za kusema lake.

Msomaji wako