Risala ya Wanakikundi kwa Mgeni Rasmi, Muuguzi Mstaafu, Kigoma

Ndugu Mgeni Rasmi, mama yetu;
Ndugu Mwenyekiti na Mweka Hazina;
Wazazi wawili mliokubali kuja;
Wanakikundi wenzangu.

Wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha leo tunapofunga mzunguko wetu wa kuweka na kukopa. Kwa kawaida mgeni rasmi hupokewa kwa bango, ngoma na mpiga picha. Leo bango hakuna, na simu zote zimebaki kwenye ndoo pale mlangoni. Utuwie radhi. Sababu unaijua.

Kikundi hiki kilianza kama vilivyoanza vikundi vingi vya Mwanga, Gungu na Ujiji. Tunaweka hisa kila wiki, tunakopeshana, anayechelewa kikao anatozwa faini. Wapo humu wauza mawese, mafundi cherehani, wasusi, na bodaboda wawili ambao faini zao peke yake zingetosha kununua viti. Tofauti yetu ni kwamba karibu wote hapa ni wanaume wanaopenda wanaume, pamoja na dada wachache wanaopenda wanawake wenzao. Tulikuwa kwenye vikundi vingine, tukatolewa mmoja mmoja: huyu kwa maneno ya pembeni, yule kwa kurudishiwa hisa zake bila maelezo.

Wenzangu wameniomba nisome mimi kwa sababu sura yangu imeshajulikana mjini, haina cha kuficha tena. Naomba nieleze ilijulikanaje.

Nimezaliwa kijiji cha wavuvi kusini mwa mji huu, upande wa Uvinza. Kule mtoto wa kiume mahali pake ni mtumbwini. Mimi nilikuwa mchangani na akina mama, tunaanika dagaa. Unawatandaza kwa kiganja wasipandane, jua likikolea unawageuza, wingu likitokea upande wa Kongo mnakusanya mbio mbio huku mnatukanana na kucheka. Nilikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na akina mama walinipenda. Mwendo wangu huu mnaouona nilikuwa nao tangu wakati huo. Dar es Salaam sikuwa naijua hata kwa picha. Nalisema hili kwa kuwa kila siku tunaambiwa mambo haya yameletwa na watu wa mjini, au na fedha za wafadhili. Kijijini kwetu hata mfadhili wa choo cha shule alikuwa hajafika.

Mjomba akaamua kuninyoosha. Kila giza lilipoingia, yaani siku zisizo na mwezi, alinichukua ziwani jioni, tunakesha na karabai, tunavuta nyavu mpaka viganja vinachubuka. Nikawa mvuvi kweli. Mjomba mwenyewe alinisifia mbele ya watu. Lile alilokusudia kulinyoosha likabaki vile vile. Yakafuata maombi ya kufunga, likafuata kombe, kisha mganga aliyetaka mbuzi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tangu tarehe 17 Mei 1990. Mbuzi wetu alichinjwa kwa ugonjwa usiokuwepo.

Shuleni napita haraka. Nilipewa jina la utani, nikachapwa kwa sababu ya jina hilo hilo, nikamaliza darasa la saba.

Mgeni Rasmi, kijijini hakuna siri. Wote wanajua, na wote wanakaa kimya kwa makubaliano ambayo hakuna aliyeyasaini. Nilichofanya mimi ni kusema tu. Kiliitishwa kikao cha ukoo cha kupanga mahari ya binti niliyetafutiwa. Nikasimama mbele ya wazee nikasema sitaoa, na sababu nikaitaja wazi, maana niliona yule binti atakuja kubebeshwa mzigo ambao si wake. Kaka yangu mkubwa alitoka nje. Shangazi akauliza kama chakula kiletwe sasa au baadaye. Hiyo ndiyo hotuba yangu ya kwanza ya utetezi, na sijawahi kutoa nyingine ngumu kama ile, hata nilipokuwa mwelimishaji rika na kusimama mbele ya watu nisiowajua.

Afrika Kusini walikuwa na Simon Nkoli. Alishtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas wakati wa makaburu, na akiwa gerezani akawaambia washtakiwa wenzake kwamba yeye ni shoga. Ukazuka mzozo, wengine hawakutaka kushtakiwa pamoja naye. Aliachiwa huru mwaka 1988, na mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa walioandaa maandamano ya kwanza ya watu kama sisi Johannesburg. Katiba yao ya baada ya makaburu ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kukataza wazi kubagua watu kama sisi. Sisi hatuandamani, wala kwa hali ilivyo hatumshauri mtu aandamane. Ninachompendea Nkoli ni kwamba alianza na watu aliokula nao sahani moja. Gharama yake pia tunaijua: David Kato, mwalimu wa Uganda aliyekuwa akiwatetea watu kama sisi, aliuawa nyumbani kwake Januari 2011.

Sasa changamoto. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kuhusu kujamiiana kinachokuita kinyume cha maumbile, kinasema kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Mzizi wake ni sheria ya mkoloni Mwingereza, ambaye kwao England na Wales aliacha kuwafunga watu wazima kwa faragha yao mwaka 1967. Hapa kwetu ziwani inachekesha kidogo. Mtu akipanda boti akashukia Kalemie, sheria ya Kongo haina kosa hilo. Akishukia Burundi analikuta, maana wao waliliandika mwaka 2009. Mtu ni yule yule na maji ni yale yale. Na Katiba yetu ya 1977 inataja heshima ya utu wa kila mtu katika ibara ya 12, na faragha katika ibara ya 16.

Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alipotangaza kamati ya kutusaka, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo ni mawazo yake, si msimamo wa serikali. Tamko hilo halikufika mwaloni. Tangazo la kwanza lilifika, na wenye nyumba wakaanza kudai vyumba vyao.

Lakini lililotuumiza zaidi ni la Februari 2017, Wizara ya Afya ilipofunga vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za UKIMWI kwa watu kama sisi. Wengi waliacha dawa. Mama, wewe ulikuwa bado kazini. Uliniita ukaniambia niwaambie wenzangu waje siku za kawaida, wakae benchi moja na wajawazito na wazee, wataitwa kwa namba. Akaja kijana mwenye kidonda alichokificha mpaka kikatoa harufu. Ulifunga mlango, ukakisafisha wewe mwenyewe, ukamuuliza kama amekula. Hukumuuliza lingine. Kijana huyo yumo humu, na ndiye aliyepika leo.

Mgeni Rasmi, risala bila maombi si risala, ila hatuombi fedha. Umestaafu, na kiinua mgongo tunajua kinavyosumbua.

Tunaomba uongee na wauguzi vijana uliowafundisha kazi. Bado wapo wanaoitana kuja kumtazama mgonjwa, na akitoka hapo harudi tena. Wewe watakusikia kuliko bango lolote la ukutani.

La pili ni zito kidogo. Mwaka huu tumezika mwenzetu. Tulichanga sanda na usafiri, tulipofika tukazuiwa njiani tusikaribie kaburi. Tunaomba likitokea jingine, utangulie wewe. Mama mtu mzima akisema hawa ni wageni wake, hafukuzwi mtu.

Na hao wazazi wawili waliokaa nyuma, tafadhali usiondoke kabla hujakaa nao. Mmoja amemfukuza mwanawe, sasa anamtafuta. Sisi akituona anaona aibu. Nyinyi ni rika moja, mtaelewana.

Chakula ni ugali wa muhogo na migebuka. Baada ya hapo Mweka Hazina atafungua sanduku, na anaomba ushuhudie daftari likisomwa, kwa sababu mwaka jana bodaboda walibisha.

Naomba kuwasilisha.