Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: matunzo ya watoto

Ndugu wanachama,

Mwaka huu meza yetu ya msaada wa kisheria imeelemewa na madai ya matunzo, yaani pesa za kumlea mtoto. Ardhi na mirathi zilikuwepo. Hizo atazisoma katibu.

Wazee wetu mnakumbuka enzi ambapo baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliamriwa kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi, imetoka hiyo. Sheria hiyo ya kikoloni ilikaa vitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 ilipoifuta. Sasa kifungu cha 44 kinaitaka mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Sheria si mbaya. Sisi ndio tumekwama kwenye kalenda.

Mapatano tunayowasaidia watu kuandika huwa ya mwisho wa mwezi, utadhani kila baba ana mshahara. Nilisimamia kikao cha kijana wa bodaboda ya mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki, kinachobaki ndicho chake. Alikubali 60,000 kwa mwezi kwa kuona haya tu. Ulipofika mwezi wa tatu wa mapatano, simu haipokelewi. Mama mtoto, muuza vitumbua, akanifungulia daftari la dukani: unga nusu, sukari robo, sabuni kipande, kila mstari na tarehe yake. Hakuna mstari uliosubiri tarehe 30.

Tukawarudisha mezani. Safari hii tukaandika 2,000 kwa siku, Jumapili apumzike, pesa iingie kwenye simu ya mama. Nikamwambia mama kwamba kwa mwezi inapungua. Akanijibu, "Bora hiyo inayofika." Siku pikipiki ilipolala gereji kijana hakutuma, ila alipiga simu kusema.

Nakiri tulikuwa tunashangilia tarakimu kubwa kwenye karatasi. Kamati inapendekeza fomu ya mapatano iulize kwanza: unapata lini? Mvuvi atoe kwa mwezi wa giza, mkulima kwa mavuno. Wenye uwezo wanaokwepa tusiwabembeleze, waende Mahakama ya Watoto. Na hata bibi anayelea mjukuu anaruhusiwa kuomba amri ya matunzo, jambo ambalo wengi wetu hatuwaambii.

Fomu mpya mnayo mikononi. Naomba tuipigie kura kabla ya chakula.

Mwenyekiti