Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: Faida ya sanduku imekwisha

Ndugu wanachama,

Poleni na safari, hasa ninyi mliotoka Arua na Kasese kwa basi la usiku. Mambo ya kawaida ya chama chetu cha mafundi wa kompyuta wa Uganda nitayapita mbio kwa sababu hayana shida. Tulikutana kila baada ya miezi miwili kama katiba inavyodai. Mafunzo ya jioni pale Ntinda yaliendelea, isipokuwa zile wiki mbili ambazo umeme ulituchezea. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina mwenyewe, na mnamjua, hataruka hata risiti ya chai. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja ambalo karibu kila mmoja wenu amenipigia simu kulihusu, wengine saa tano za usiku.

Wateja wetu wanahamia kwenye wingu, yaani programu na data zao zinakaa kwenye kompyuta za kampuni kubwa huko mbali, nao wanazifikia kwa intaneti na kuzilipia kila mwezi. Au niseme sawasawa: wateja wetu wanahamishwa.

Mwezi wa tano niliitwa na shule moja ya bweni upande wa Jinja nikaondoe seva, ile kompyuta kuu inayotunza data ya shule nzima. Niliifunga mimi mwenyewe mwaka 2013, na ndani yake mlikuwa na Windows Server 2012, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 10 Oktoba 2023. Nilipoivuta kutoka ukutani, vumbi jekundu lilikuwa limejaa kwenye feni kama unga kwenye chekecheo, na mjusi aliyekauka alikuwa amelala juu ya pawasaplai. Ubavuni kulikuwa na kipande cha karatasi chenye mwandiko wangu: "USIZIME. PIGA SIMU KWANZA." Chini yake ni namba niliyoiacha zamani. Sijui walikuwa wanampigia nani.

Mhasibu wa shule, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alisimama mlangoni akinitazama nikikunja nyaya. Akaniuliza: "Injinia, hii ikishaondoka, tutakuwa tunakuita kwa kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, mama, nitakuletea kwa maandishi.

Njiani nilisimama Namawojjolo kununua kuku wa kijiti, seva imelala kwenye kiti cha nyuma, na pale pale juu ya bahasha nikapiga hesabu ya miaka 12 na shule ile. Faida ya kuuza seva. Faida ya leseni. Faida ya UPS, ile betri ya kuikinga seva umeme ukikatika, mara tatu, maana betri zilikufa mara tatu. Faida ya programu ya kuzuia virusi kila mwaka. Halafu nikatafuta mstari wa usiku nilizolala pale kurudisha alama za wanafunzi, Jumapili nilizoacha ibada, simu nilizopokea nikiwa msibani. Haukuwepo. Kwa miaka 12 shule haikuwahi kulipia ujuzi wangu hata shilingi. Ililipia sanduku, nami nikawa najimegea mshahara ndani ya faida ya sanduku. Nilidhani mimi ni mtaalamu, kumbe nilikuwa na duka.

Sasa sanduku halipo. Hicho ndicho kilichotupata, wala si kwamba kazi imekwisha.

Na hakikuja ghafla, ingawa wengi tunajifanya tumeshtukizwa. Office 365 ilianza kuuzwa mwaka 2011, na wengi wetu tuliicheka: nani atalipia Word kila mwezi? Mei 2013 Adobe ikatangaza kwamba CS6, programu zake za usanifu wa picha na machapisho, ndiyo ya mwisho kuuzwa kwa leseni ya kudumu na kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa kulipia usajili tu. Mwenye mteja Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, anajua mpaka leo kuna kompyuta pale ambazo hairuhusiwi kuzigusa, kwa sababu CS6 iliyomo ikipotea haina mbadala usiokuwa na bili. Atlassian, wenye programu za kupanga kazi za timu, iliacha kuuza leseni mpya za seva Februari 2021, na Februari 2024 ikaacha kuzihudumia. Broadcom ilimaliza kuinunua VMware, wenye programu ya kuigawa seva moja iwe kama nyingi, Novemba 2023, na kabla mwezi uliofuata haujaisha ikaondoa sokoni leseni za kudumu. Mwaka huu, siku moja tu, tarehe 14 Oktoba, ukafika mwisho wa huduma kwa Windows 10 na kwa Exchange 2016 na 2019, programu ya seva za barua pepe. Exchange mpya ya kufunga kwenye mashine yako ipo, lakini nayo imekuja na neno usajili ndani ya jina lake. Hata anayebaki nyumbani analipa kodi ya nyumba.

Sababu zao nazielewa. Mapato yanaingia kila mwezi, toleo la kuhudumia linabaki moja, na anayekopa CD ya jirani hana tena cha kukopa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Nisichokikubali ni lugha ya kwenye semina zao, kwamba wanatupunguzia mzigo. Mzigo wameuchukua pamoja na chakula kilichokuwa juu yake.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Sitamani tena kusimamia seva ya barua pepe iliyoorodheshwa kimakosa kama mtuma taka, meneja akisimama nyuma yangu. Chama kimoja cha akiba na mikopo kule Gulu kilikaa gizani siku mbili mwezi wa nane, na makarani waliendelea kufanya kazi kwa simu zao na sola ndogo. Enzi za kabati la seva wangefunga milango. Faida hiyo ni ya kweli, na tusiwadanganye wateja kwa sababu ya uchungu wetu.

Lakini sisi hatuna bahari. Kituo kikubwa cha data cha Microsoft kilicho karibu nasi kilifunguliwa Afrika Kusini mwaka 2019, cha Amazon kikafuata Cape Town 2020, cha Google Johannesburg 2024. Data ya muuzaji wa soko la Kikuubo hapa Kampala inavuka mpaka, inafika pwani, inashuka kwenye mkongo wa baharini, kisha inarudi njia hiyo hiyo kumwambia ana mifuko mingapi ya sukari. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, Afrika Mashariki nzima iliyumba, na mimi nilipokea simu za watu walioniuliza kwa nini "nimezima" mfumo wao. Tarehe 20 Oktoba mwaka huu kosa la DNS, daftari la anwani za intaneti, kwenye vituo vya Amazon huko Virginia, Marekani, liliangusha huduma duniani kote, na mteja wangu mmoja hapa Nakasero akanitaka niende ofisini kwake kulitengeneza. Nilienda. Nilikaa kwenye kiti, nikanywa chai, tukasubiri Virginia.

Hapo nataka mtafakari kidogo: ile chai, ni nani aliyeilipia? Mteja alihitaji mtu wa kumwambia kilichotokea, wa kumzuia karani asibadilishe mipangilio kwa hofu, na wa kuangalia hesabu zikirudi ziko sawa. Hiyo ni kazi ya saa nne. Sikumtoza, kwa sababu sikujua niiandike kwa jina gani.

Kuna kisa mwenzetu mmoja ameniruhusu nikisimulie bila kutaja jina la mtu. Shirika dogo linalolipia barua pepe kwa mwezi lilijikuta limefungiwa. Kadi iliyokuwa inakatwa ilikuwa ya mhasibu aliyeacha kazi mwaka uliopita. Akaunti kuu ya msimamizi ilikuwa imefunguliwa na kijana aliyekuwa anajitolea pale, kwa namba yake ya simu, naye sasa ni mlinzi Dubai. Kila walipojaribu kuingia, namba ya uthibitisho ilitumwa Dubai. Kijana hana ubaya, ila zamuni simu inawekwa kabatini, na namba yenyewe inakufa baada ya dakika chache. Siku tisa wafadhili waliandika, barua zikarudi. Muuzaji wa huduma aliwajibu kwa upole, kutoka bara jingine, kwamba hawezi kumpa mtu akaunti isiyo yake. Na alikuwa sahihi!

Zamani tungevunja mlango wa chumba cha seva tukamaliza. Sasa mlango ni jina lililoandikwa kwenye fomu, na aliyejaza fomu ndiye mwenye nyumba. Nimekagua wateja wangu wote baada ya kisa hiki. Katika ofisi moja akaunti kuu ilikuwa kwa jina langu mimi, kwa barua pepe yangu binafsi. Nikifa kesho, mke wangu anarithi mishahara ya watu.

Suala la nakala ya akiba nalo linatuletea mabishano. Wateja wanaamini aliye kwenye wingu hahitaji bakapu. Wakumbusheni UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia. Mei 2024 huduma yake kwenye wingu la Google ilifutwa kwa sababu ya kipengele kimoja kilichoachwa wazi wakati wa kuiandaa, na wanachama zaidi ya nusu milioni wakakosa kuona akaunti zao kwa siku kadhaa. Kilichosaidia kuirudisha ni pamoja na nakala walizokuwa wameziweka kwa mtoa huduma mwingine. Yupo mtu pale aliyesisitiza zilipiwe, na naamini kulikuwa na kikao cha bajeti ambacho aliulizwa za kazi gani.

Kwetu hapa kuna sababu ya karibu zaidi. Uchaguzi mkuu ni tarehe 15 Januari 2026. Sitasema siasa, chama hiki hakina chama. Ila Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano, na mliokuwa na wateja mnakumbuka. Nawaomba kabla ya Krismasi kila mmoja ahakikishe orodha ya mishahara, madeni ya wateja na namba za simu za lazima zipo kwenye diski ndani ya jengo, na kwamba kuna mtu ofisini anayeweza kuzifungua bila mtandao. Muwatoze kwa kazi hiyo. Msiwasaidie, muwatoze.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Sheria ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019 inamgusa mteja anayepeleka taarifa za watu nje ya Uganda, na wengi wamezipeleka bila kujua. Anayeweza kumwonyesha zimekaa nchi gani ni ninyi. Upande wa kodi, tangu Julai 2023 kuna asilimia 5 juu ya mapato ya watoa huduma za kidijitali wasio wakazi, mbali na VAT ya asilimia 18. Bei ya dola mliyoiona kwenye tovuti siyo atakayolipa mteja wenu, kwa hiyo msimpe makadirio kabla ya kuketi na mhasibu.

Najua vijana wetu wanaona wazee tunalia ovyo. Wao wamekusanya vyeti vya wingu na wanapata kazi za mbali, na nawapongeza kwa dhati. Niwaguse kidogo tu: vyeti vingi vya Microsoft siku hizi vinaisha baada ya mwaka mmoja, ni lazima kuvihuisha. Kuhuisha ni bure, nakubali. Lakini cheti nacho kimekuwa usajili. Na wazee wenzangu, wenye kusema tusubiri upepo upite, wenzetu wawili walisubiri na mwaka huu wamefunga maduka. Mmoja alinifundisha kubana plagi za mtandao mwaka 2004, pale Wandegeya. Nilimtembelea, hakutaka tuzungumze habari hizi, tukatazama mpira.

Nirudi kwa yule mama wa Jinja. Mwezi wa saba nilimpelekea jibu lake, karatasi moja. Niliandika kwamba kila mwezi nitakagua nani ana ufunguo wa nini, na mwalimu akiondoka, akaunti yake itafungwa siku hiyo hiyo. Kila muhula nitarudisha nakala ya alama mbele yake aone kwa macho. Tarehe zote za kulipia nitaziweka kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu ya ukutani anaiangalia. Bili nitaisoma kabla hajailipa, niondoe watumiaji ambao hawapo. Chini kabisa nikaongeza "ushauri wa jumla", na bei yake.

Akavaa miwani. Akauliza watumiaji ambao hawapo ni wangapi. Nikamwambia nimehesabu kumi na mmoja, wawili kati yao ni marehemu. Akanyamaza. Akachukua kalamu, akakata "ushauri wa jumla", akaweka saini kwenye mengine yote.

Kutokana na karatasi ile, kamati imeandaa rasimu ya mwongozo wa bei za kazi isiyo na sanduku. Viwango vimewekwa kwa saa na kwa mwezi, na kuna kipengele kinachomtaka mwanachama asisajili akaunti kuu ya mteja kwa jina lake mwenyewe. Kipengele hicho najua kitaleta kelele, maana kuna wanaoishikilia akaunti ya mteja kama dhamana ya kulipwa. Tutakijadili mchana, na tutapiga kura kwa kunyoosha mikono.

Nakala ziko mezani pale mlangoni. Seva ya Jinja pia iko pale, tumeisafisha, darasa la jioni litaifungulia mafunzo. Mjusi nimemtoa.