Kwa Neema: Kwa Nini Andrea

Salerno, 14 Novemba

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Tumbo limekuwa zito na ngazi za hapa nyumbani zinanitoa jasho, lakini daktari anasema mtoto hajambo.

Umenichekesha kweli ulivyouliza kwa nini mwanangu wa kiume tumemchagulia jina la Andrea. Eti mdogo wako anasema ni jina la kike? Mdogo wako hajakosea, huko kwao Ujerumani ni hivyo. Hapa Italia Andrea ni mwanamume: Palladio msanifu majengo, Bocelli mwimbaji, Pirlo yule kiungo tuliyekuwa tukimshangilia. Mahakama ya juu ilikuja kuruhusu msichana aitwe hivyo mwaka 2012. Na wewe, mtoto wa mchungaji, umemsahau Andrea nduguye Petro?

Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni uanaume. Hilo halikunivuta sana. Mwanamume atakuwa tu. Mimi nimependa linavyotamkika. Waitalia wanakaza hapo kwenye “dre” kama sisi, kwa hiyo mama atamwita kutoka jikoni kwake Dodoma bila kufundishwa na mtu. Hebu mwambie aseme Gianluigi! Leonardo nalo ni zuri, ila tangu 2018 ndilo linaloongoza nchi nzima. Ukiliita uwanjani watageuka watoto watano.

Kizaazaa kilikuwa kwa baba mkwe. Kusini huku, mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba, naye anaitwa Gennaro. Mzee alinuna, hata kahawa yangu akawa hanywi. Aliyetuokoa ni mama mkwe. Yeye ni wa Amalfi, na mtakatifu wao ni huyohuyo Andrea. Masalia yake yako chini ya kanisa lao kuu tangu 1208. Sikukuu yake, tarehe 30 mwezi huu, wanaume hubeba sanamu yake mabegani na kupanda nayo mbio zile ngazi za kanisa, watu wakipiga makofi. Mama wa watu alisimulia mpaka machozi yakamlenga. Mzee akalegea, kwa sharti Gennaro liwe jina la pili.

Sheria yao inaruhusu majina matatu, basi. Moja limebaki, nami nataka litoke kwetu. Pita kwa mama umwombe. Nikishajifungua tuna siku 10 tu za kuandikisha manispaa, na unamjua: akianza kuwashirikisha shangazi zangu, mwezi utakatika. Akupe moja, tena fupi.

Wako,
Subira