Kabla hatujakupimia uwatu, tuambie unameza dawa gani

Wengi wanaoingia dukani kwetu, hapa karibu na Marikiti, swali lao la kwanza ni, "Mna dawa ya sukari?" Hatuna. Tuna uwatu, unga wa wimbi, mtama, habasoda na mlonge. Hivi ni vyakula. Vinasaidia, ndiyo maana tunaviuza, lakini vidonge alivyokuandikia daktari usiviache kwa ajili yake.

Chukua uwatu. Loweka kijiko kimoja usiku, asubuhi utie kidole: maji yamekuwa mazito, yanavutika kama ute wa bamia. Ute huo ni nyuzinyuzi, na tumboni hupunguza kasi ya sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Sasa, ukiunywa juu ya vidonge ambavyo navyo vinashusha, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Yalimpata mteja wetu mmoja, mama mtu mzima anayetumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Alikunywa uwatu, akameza kidonge, akaondoka bila kunywa chai kwa kuwahi arusi. Saa nne mikono ikaanza kutetemeka, jasho jembamba likamtoka. Mkaza mwanawe ndiye aliyetambua, akampa chai yenye sukari nyingi, akatulia. Uwatu ule tulimuuzia sisi, na hatukumuuliza kitu. Linatuuma mpaka leo. Kwa hivyo tukikuuliza, usione tunakuchunguza.

Unga wetu wa wimbi tunausaga na makapi yake. Wapo wanaolalamika kuwa unakwaruza koo, wakifika nyumbani wanauchekecha. Jamani, makapi ndiyo yenye zile nyuzinyuzi ulizozifuata! Na uji ukishautia vijiko vinne vya sukari, wimbi halina la kukusaidia.

Mlonge una vitamini K nyingi, ambayo husaidia damu kuganda, kwa hivyo anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza. Madafu hatuuzi, ila tunaulizwa kila siku: mwenye maradhi ya figo asiyanywe ovyo, kwani yana potasiamu nyingi, na figo zilizodhoofika hushindwa kuitoa. Ikizidi mwilini, mapigo ya moyo huvurugika.

Ukija, njoo na pakiti za dawa zako, au uzipige picha kwa simu. Tukiona dawa tusiyoijua tutakuomba umwone mfamasia kwanza, na mzigo wako tutakuwekea kando mpaka urudi.