Barua kwa Mama Neema: "get" na vitenzi vya Kifini

Tampere, Ufini

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, baridi ndiyo imeanza kubana. Nimefurahi mno kusikia kozi ya Kifini imeanza na makaratasi ya kazi yanakwenda vizuri. Swali lako nimelipata: mbona "get" moja ya Kiingereza kitabuni mwenu ina msururu wa vitenzi vya Kifini mbele yake, na utavishikaje vyote? Ngoja nikuandikie kwa kirefu, maana jambo lenyewe nalipenda.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usipitie Kiingereza. "Get" ni hamali wa lugha ile, anabebeshwa kila mzigo: kupata, kufika, kuchukua, kugeuka, kuelewa. Kifini hakina hamali wa hivyo, na sisi pia hatuna. Mwingereza akichoka, akilowa, akikasirika, akipotea au akizoea, kote anaweza kutia "get". Sisi tuna kitenzi kimoja kwa kila jambo, na Wafini vilevile: väsyä ni kuchoka, kastua kulowa, suuttua kukasirika, eksyä kupotea, tottua kuzoea. Tena wanaviunda kama sisi. Kwetu kwenye "mzee" na "kuzeeka" shina ni moja, na kwao vanha, yaani -zee, inazaa vanheta. Tajiri ni rikas, kutajirika ni rikastua. Kwa hiyo ukikuta "get" ikifuatwa na neno la hali, jiulize Kiswahili kinasemaje, halafu tafuta kitenzi cha Kifini. Mara nyingi kipo.

Kupata chenyewe ni saada. Sain kirjeen, nimepata barua. En saanut kirjettä, sikupata barua. Umeona barua ilivyobadilika mwisho? Ukikanusha, kinachotendwa kinabadilisha umbo. Hilo utalizoea taratibu. Kupata mtoto ni saada lapsi, na kupata mafua pia wanatumia saada.

Ila wewe ni muuguzi, kwa hiyo saada nyingine itakuhusu zaidi: ile ya ruhusa. Mgonjwa anayesubiri kupasuliwa atakuuliza, "Saanko syödä?" Hapo anauliza kama anaruhusiwa kula. Ukimjibu "Et saa", umemkataza. Na ukitaka kahawa kantini, sema "Saisinko kahvin?" Ndiyo "naomba kahawa" yetu, ya adabu kabisa.

Sasa nije kwenye viwili ninavyovipenda kuliko vyote: päästä na joutua. Kiingereza huweza kuvifunika vyote kwa "get", lakini katikati yao kuna moyo wa mtu. Päästä ni kufanikiwa kufika au kuingia mahali ulipotaka, au kuachiliwa. Joutua ni kujikuta mahali au katika jambo usilolitaka. Bibi wa wodini akikuuliza "Pääsenkö kotiin?" anataka kujua kama ataruhusiwa kurudi nyumbani, na ana hamu. Akiuliza "Joudunko leikkaukseen?" anaogopa kwamba itabidi apasuliwe. Kabla hujaelewa maneno mengine, kitenzi kimeshakuambia mgonjwa wako anajisikiaje.

Chukua kustaafu. Mtu anaweza kusema jäin eläkkeelle, nimestaafu, basi. Akisema pääsin eläkkeelle, amestaafu na anashukuru kupumzika. Akisema jouduin eläkkeelle, hakupenda. Labda ni maradhi yalimtoa kazini. Mimi nikisikia hicho cha tatu huwa nakaa nimsikilize mtu, kwa sababu mara nyingi ana la kusema.

Na hili ulikariri leo leo: "Pääsetkö itse ylös?" Yaani, utaweza kuinuka mwenyewe? Wazee watakujibu "pääsen" au "en pääse", na hapo utajua kama umpe mkono.

Angalia tu, Kiswahili nacho kina mahali kinapokuponza. Sisi tunasema kupata ajali. Wao hawatumii saada hapo. Ni joutua onnettomuuteen, maana nani anataka ajali? Ukishaizoea maana ya joutua, hutaisahau.

Kuna ehtiä pia, na hapa Mswahili ana raha kweli, kwa sababu ni kuwahi yetu. Ehdin bussiin, nimeliwahi basi. En ehtinyt syödä, sikuwahi kula, yaani muda haukunitosha. Manesi wa huku wanaitamka sana hiyo ya pili!

Kumfuata mtoto chekechea ni hakea. Jioni kila nyumba swali ni "Kuka hakee?", nani anamfuata? Hakea hiyohiyo ndiyo kuomba kazi, kwa hiyo lazima umeshakutana nayo kwenye fomu zako. Kuelewa ni ymmärtää, na pia tajuta. Kuamka, yaani kutoka kitandani, ni nousta, ambayo pia ni kupanda basi. Kushuka basi ni jäädä pois.

Njaa nayo kwao inakujia: minulle tuli nälkä. Sisi tunasema njaa imenishika, na unaona tulivyo karibu.

Ukitaka kuhakikisha, fungua Kielitoimiston sanakirja, kamusi ya Kifini, ipo bure mtandaoni. Maelezo yake ni ya Kifini kitupu, lakini mifano ni mifupi na unaweza kuifuata. Tafuta saada kwanza, kisha päästä. Niandikie sentensi zako kumi za wodini, zote zenye päästä au joutua, nami nitazisahihisha na kukurekodia sauti ili usikie ä inavyotamkwa.

Koti zito usinunue huko, nimeshakuwekea moja. Msalimie Baba Neema na mama mkwe, na Neema mwenyewe umpige busu.

Wako,
Mama Salma